Kizuri Hakijiuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inayafaa mambo mengi, lakini kwenye sanaa imegeuzwa kuwa hukumu. Ukiuliza kama kinyago fulani kina thamani, unatajiwa kilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Ukiuliza kama mchoraji fulani ni hodari, unaambiwa kazi zake ziko Ulaya. Wanaosema hivyo si watu wa kubezwa. Ni wafanyabiashara wa vinyago, ni maofisa wa utamaduni, ni ndugu wanaogawana vitu vya marehemu, na siku hizi ni wasanii wenyewe, waliochoka kusifiwa kwa maneno huku kodi ya chumba ikidaiwa. Kauli yao ni moja: kazi ya sanaa ina thamani ya kile ambacho mtu yuko tayari kukitoa, na yanayobaki ni porojo za wasomi.

Naikataa kauli hiyo, na naikataa yote. Bei inatueleza habari za wanunuzi: wana fedha kiasi gani, wamesikia nini, wanashindana na nani. Inatueleza pia habari za muuzaji na mtaa lilipo duka lake. Habari za kazi yenyewe, za kile kilichochongwa au kuchorwa, haina. Anayetaka kujua kama kazi ina thamani hana budi kuitazama, ajue ilikotoka, aiweke pamoja na kazi za namna yake, kisha aseme neno lake na kulitetea mbele ya wenzake. Ni kibarua kigumu kuliko kuuliza bei, ndiyo maana tunakikwepa.

Tuanze na hiyo methali, tuipime kwa maisha ya mchoraji mmoja. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya vipande vya hadibodi, vifaa ambavyo fundi yeyote wa nyumba angevitambua. Kazi zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mbele ya wapita njia. Kwa lugha ya methali, zilijitembeza. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka isiyozidi minne. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, na picha zilizotoka mkononi mwake zinasakwa na wakusanyaji wa nchi nyingi.

Sasa mwenye methali na anijibu. Chui aliyechorwa mwaka 1970 na kuuzwa kwa shilingi chache alikuwa na thamani gani siku ile? Ana njia mbili tu. Aseme kazi ilikuwa duni, ikaja kuwa nzuri miaka ilivyopita, ikiwa imetundikwa tu ukutani pasipo mtu kuiongezea hata tone la rangi. Au akubali kwamba ilikuwa nzuri tangu rangi ilipokauka, na bei ikachelewa. La kwanza halisemeki. La pili likishakubaliwa, bei imevuliwa uhakimu, kwa sababu kumbe uzuri unaweza kukaa miaka mingi bila bei kuujua.

Hapo ndipo wanapokimbilia kusema kwamba soko hujisahihisha. Bei huchelewa, wanasema, lakini hufika. Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na ina udhaifu ambao ni rahisi kuuona: tunazijua zile tu ambazo bei iliwahi kuzifikia. Picha zilizoliwa na mchwa, vinyago vilivyotiwa jikoni vikawa kuni, milango ya nakshi iliyopasuliwa mbao, hivyo havina mnada wa kuvihesabu. Soko linajivunia waliookolewa na kunyamaza juu ya waliozama.

Na hata pale bei inapofika, tuulize imefikaje. Mchoraji wa Nigeria, Ben Enwonwu, katika miaka ya 1973 na 1974 alimchora binti wa ukoo wa kifalme wa Ife, Adetutu Ademiluyi. Picha hizo, ziitwazo Tutu, zilikuja kupendwa mno Nigeria, na zote zikapotea. Mwaka 2017 moja ilionekana London, imetundikwa ukutani katika nyumba ya familia ambayo haikujua ina nini. Mwaka 2018 iliuzwa kwenye mnada wa Bonhams kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Magazeti yaliandika juu ya hizo milioni. Kilichonishika mimi ni dakika iliyotangulia: mtu mwenye kujua aliingia sebuleni, akainua macho, akasema hii ni kazi ya Enwonwu, na ni kazi kubwa. Wakati anasema hayo picha haikuwa na bei yoyote. Hukumu ilitoka kwanza, fedha zikaifuata. Basi itakuwaje tuseme fedha ndizo zilizotoa hukumu? Enwonwu mwenyewe, aliyefariki mwaka 1994, hakupata hata senti katika hizo milioni.

Bei, zaidi ya kuchelewa, hudanganya pia, tena kwa sauti kubwa. New York palikuwa na duka la picha liitwalo Knoedler, lililofunguliwa mwaka 1846, lenye jina la kuheshimika miongoni mwa matajiri wa Marekani. Kwa miaka kadhaa liliuza picha zilizosemekana kuwa za wachoraji mashuhuri Mark Rothko, Jackson Pollock na wenzao. Mwaka 2004 mnunuzi mmoja alilipa dola milioni 8.3 kwa picha iliyoitwa ya Rothko. Picha hizo zilikuwa zikichorwa na mhamiaji wa Kichina katika eneo la Queens, aliyelipwa ujira mdogo kwa kila moja. Wanunuzi kwa jumla walitoa kama dola milioni 80. Duka lilifungwa mwaka 2011. Moja ya picha hizo, iliyodaiwa kuwa ya Pollock, ilipopimwa maabara ilikutwa na rangi ambayo haikuwa ikiuzwa wakati Pollock anadaiwa kuichora.

Miaka yote ile bei ilikuwa inasimama mbele ya kila picha na kuapa kwamba hii ni kazi ya bwana mkubwa. Kadiri ilivyopanda ndivyo wengi walivyozidi kuamini, maana nani angetoa mamilioni kwa kitu cha bandia? Bei ilipata uzito kutoka kwa imani, na imani ikapata uzito kutoka kwa bei, na katikati ya hizo mbili hapakuwa na mtu anayetazama rangi. Hapa kwetu jambo hilo lipo kwa kiwango chetu. Picha nyingi zilizotiwa jina la Tingatinga hazikuchorwa na yeye, na anayejua hilo ni yule anayejua jinsi marehemu alivyomjaza mnyama mmoja ubaoni na kuacha nyuma yake weupe au rangi moja tu, si yule anayejua ziliuzwaje.

Twende Kilifi sasa, kwa sababu huko kauli hii imefanya madhara yasiyosahaulika. Kwa Wagiriama na baadhi ya ndugu zao wa Mijikenda, mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu huchongewa kigango baada ya kufa, mara nyingi pale anapowatokea jamaa zake ndotoni kukidai. Kigango ni nguzo bapa ya mti mgumu, vingine virefu kupita mtu. Juu kina kichwa, mara nyingi cha duara, na kiwiliwili kimejaa pembetatu zilizochimbwa safu kwa safu, zikapakwa rangi. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Familia ikihama, kigango kinabaki. Jua litakipasua, mvua itakiozesha, na hayo yote yanajulikana na kukubaliwa. Hakiuzwi.

Kwa kauli ya wapinzani wangu, kigango kikiwa kimesimama mahali pake, kikitimiza kilichochongewa, thamani yake ni sifuri, kwa sababu hakuna mtu aliyekitolea fedha na hakuna wa kupokea. Usiku mmoja kijana mwenye shida anakuja na jembe, anaking'oa, anakipeleka mjini kwa bei ya kutupa. Hapo, kwa kauli yao, thamani inaanza. Kinavuka bahari, kinawekwa kwenye duka lenye taa nzuri, kinauzwa kwa maelfu ya dola, na thamani inakua. Kwa hesabu hiyo mwizi ndiye aliyekipa kigango thamani, na mchongaji na wafiwa hawakukipa kitu. Sijui mtu mwenye akili timamu anayeweza kuisema sentensi hiyo hadi mwisho bila kusita. Lakini ndiyo inayotokana na kauli yao, na wakiikataa itawabidi waikatae na kauli.

Biashara hiyo ilishamiri kuanzia miaka ya 1970. Vigango kwa mamia vikaishia Marekani, vingine majumbani mwa waigizaji wa Hollywood, kisha vikatolewa zawadi kwa makumbusho, ambako sheria ya kodi humpa nafuu mtoaji kwa kadiri ya thamani iliyokadiriwa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja, si mbali na Kaloleni, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haikuchukua muda vikaibwa. Miaka mingi baadaye Udvardy alikuja kukitambua kimoja kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, na cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudi kwa familia. Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois, ambalo ni taasisi nyingine, lilirudisha vingine 37 mwaka 2023.

Ninawaomba wanaoamini bei wakitazame kisa hiki kwa utulivu. Ni nini kilichowezesha vigango vile kutambuliwa? Ni picha moja iliyoonyesha mahali, wenyewe, na umbo la kila kimoja, pembetatu kwa pembetatu. Hicho ndicho kiini cha kuijua kazi: nani aliichonga au kuichongesha, kwa ajili ya nani, ilisimama wapi, inafanana na zipi na inatofautiana nazo kwa lipi. Fedha zote zilizolipwa Marekani hazikusaidia kujua hata jambo moja kati ya hayo. Ziliyafuta, kwa maana njia rahisi ya kukiuza kigango ilikuwa ni kutokuuliza kimetoka kwa nani.

Nitajibiwa kwamba hiyo ni thamani ya mila, si ya sanaa. Mgawanyo huo sioni unatusaidia nini. Mchongaji wa kigango alichagua kina cha kila pembetatu, akapima umbali wa safu na safu, akaamua shingo iwe nyembamba kiasi gani ili kichwa kisimame kama mtu. Alikuwa akimtengenezea marehemu heshima, na ustadi ndio uliobeba heshima hiyo. Wamarekani walivipenda kwa ustadi huohuo, ingawa hawakujua unamsema nani.

Kuna jambo linalonishangaza zaidi katika ubishi huu. Sisi watu wa Kiswahili si wageni wa kupima sanaa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalidumu vinywani mwa watu tangu mwanzoni mwa karne ya 19, yakakusanywa baada yake na William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na kitabu kikatoka mwaka 1940. Katika muda wote huo hakuna aliyeuliza shairi moja la Muyaka liliuzwa kwa reale ngapi. Watu walilipima. Walisikiliza vina kama vimekaa, mizani kama imetimia, neno kama limechaguliwa au limesukumizwa ili kina kipatikane, jibu kama limemfikia aliyejibiwa. Waligombana, wakajibizana kwa beti, wengine wakashindwa mbele ya watu. Mpaka leo mshairi akileta gazetini shairi lenye vina vya kulazimisha, atapata majibu wiki inayofuata. Mtu akisimama kwenye baraza la washairi na kusema shairi zuri ni lile lililonunuliwa ghali, ataonekana hakuelewa alikoingia. Kwa nini basi mbele ya kinyago au picha mikono yetu inalegea, tunamgeukia mnunuzi na kumwuliza yeye anaonaje?

Jibu ninalopewa ni kwamba shairi lina kanuni na kinyago hakina. Si kweli. Nenda Mwenge pale Dar es Salaam, kwa wachongaji, ukatazame ule mtindo wa ujamaa, mnara wa watu waliopandana uliochongwa kwenye gogo moja. Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde, anatajwa kuwa mwanzilishi wake. Usiulize bei. Uinue kwanza, kisha uuzungushe. Nyuma pamechongwa kwa bidii ileile ya mbele, au mchongaji alijua utawekwa ukutani akaacha migongo bila viungo? Tazama mkono wa mtu mmoja unapogusa bega la mwenzake: je, vidole vinakamata, au mkono umeishia tu pale mti ulipoishia? Tazama nyuso. Zikiwa zote ni uso mmoja uliorudiwa mara ishirini, unacho kitu cha dukani. Zikiwa kila moja ina umri wake na fikra zake, kuna mtu alikaa na gogo lile kwa muda mrefu. Shuka hadi chini kabisa, kwa yule anayewabeba wote. Anaelemewa? Miguu yake inaujua uzito ulio juu yake? Pitisha kidole kwenye matundu ya katikati, ambako patasi huingia kwa shida. Huko ndiko mchongaji aliyechoka hujificha, akaacha alama za tupa na kuzifunika kwa kiwi.

Hizo ni kanuni. Hazijaandikwa kwenye kitabu cha shule, lakini mchongaji yeyote wa siku nyingi anazijua, na akiwa na mwenzake mbele ya kazi ya mtu wa tatu watazungumza hayohayo, mara nyingi kwa ukali. Kinachosikitisha ni kwamba mteja akiingia mazungumzo yale yanakatika na kubaki mawili: ni mpingo halisi, na ni shilingi ngapi.

Na huo mpingo, nao umekuwa bei iliyovaa nguo nyingine. Muuzaji anakwangua kitako cha kinyago kwa kisu kuonyesha kwamba weusi umeingia ndani, anakupa ukipime kwa mkono uone kilivyo kizito, na wewe unaondoka umeridhika kwamba umenunua kitu cha thamani. Umenunua mti mzuri. Kilichochongwa juu yake hukukitazama. Vinyago vya mapiko, ambavyo Wamakonde huvivaa kichwani kwenye ngoma, huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza navyo. Vingine vimebandikwa nywele za watu, na chale za usoni zimetengenezwa kwa nta. Kwa kipimo cha mpingo ni vitu vya bei ya chini. Lakini kimoja cha namna hiyo kiliibwa mwaka 1984 kutoka Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, mwaka 1985 kikanunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na ikachukua hadi mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi, kurudishwa kwa Tanzania. Hakuna aliyehangaika robo karne kwa ajili ya uzito wa mti.

Picha za Tingatinga zinadharauliwa kwa hoja nyingine, kwamba zinajirudia. Tembo yuleyule, twiga walewale, mlima uleule wenye theluji. Hapa wapinzani wangu wanaungana na wasomi wa sanaa wanaojiona wako upande mwingine kabisa, na wote wawili wanakosea. Kurudia si kasoro. Washairi wamerudia mizani minane kwa minane kwa karne kadhaa, na ndani ya mizani hiyohiyo tunamjua bingwa na tunamjua mwanafunzi. Pangeni chui kumi wa Tingatinga ukutani. Rangi ya nyuma hutangulia, ikikauka anafuata mnyama, kisha madoa. Mtazame chui wa kwanza: madoa yake yamemwagwa sawasawa mwili mzima, na chui amekuwa bapa kama kitambaa. Wa pili, madoa yanabana yanapoukaribia mgongo na kutanuka kwenye tumbo, na ghafla tumbo lina uzito, na mnyama anapumua. Hakuna kivuli kilichochorwa. Ni madoa tu. Mchoraji wa pili amejua jambo ambalo wa kwanza hajalijua. Dukani huenda wote wawili wana bei moja, kwa kuwa ubao una ukubwa mmoja.

Wapo wanaonipinga kwa upole zaidi. Wanasema hayo yote ni mapendeleo, kila mtu na jicho lake, na mimi nalazimisha langu. Hawa nawaogopa kuliko wafanyabiashara. Wanadhani wanatetea uhuru wa kila mtazamaji, kumbe wanamwachia mwenye fedha kiti kitupu. Kama hukumu yangu haina uzito kuliko yako, na yako haina kuliko ya jirani, na hakuna sababu inayoweza kutolewa na kusikilizwa, basi kitu pekee kinachobaki cha kutuamua ni nani aliyetoa kingi. Kutofautiana kwenyewe hakunitishi. Waamuzi wawili wa mashairi wanaweza kutofautiana na wote wakawa na sababu. Wanaonyeshana ubeti, wanausoma tena, mmoja anasogea. Hayo ndiyo ninayoyaita kupima.

Tena jicho lililozoezwa hupatana na mambo ambayo bei haiyawezi. George Lilanga, mchongaji na mchoraji wa Kimakonde aliyefariki mwaka 2005, katika miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na kisukari na kufanya kazi pamoja na wasaidizi. Soko linataka jibu moja: ni Lilanga au si Lilanga? Kwa anayetazama, jibu liko kwenye kila picha peke yake. Ipo ambayo wale mashetani wake wenye masikio makubwa wamesongamana kwa furaha hadi pembeni, kila mmoja na ugomvi wake, na ipo ambayo wamejazwa ili nafasi isibaki. Jina ni lilelile katika zote mbili.

Msanii alipwe, na alipwe vizuri. Sina ugomvi na fedha zinazoingia mfukoni mwa aliyefanya kazi; nina ugomvi na fedha zinapopewa kiti cha kuamua kazi ipi ni kazi. Zikipewa kiti hicho, tunaona yanayotokea. Kimo cha kinyago kinaamuliwa na sanduku la msafiri. Kijana aliyeanza kuchora sokoni Kariakoo, daladala, mama lishe na moshi wake, anaambiwa arudi kwa twiga, kwa kuwa twiga anatoka. Wajomba wanaugawa urithi, meza inagombewa, na sanamu aliyoichonga babu inapewa watoto waichezee kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiulizia.

Tulikuwa na mtu wa kutuonyesha njia nyingine. Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya na kufariki mwaka 1990, alikusanya vitabu, stempu, vinyago, vitambaa na mapambo ya Afrika wakati ambapo wengi wa rika lake waliviona ni vitu vya kuwaachia watalii. Hakungoja aambiwe na mnada. Sehemu kubwa ya alivyovikusanya imehifadhiwa Nyaraka za Taifa, katikati ya Nairobi, na mtu yeyote anaweza kuingia kuvitazama.

Kwa hiyo mwenye kinyago, mkeka uliosukwa kwa nakshi, mlango wa zamani au picha iliyoachwa na mzee, asianze na dalali. Aanze na waliokuwapo. Amwulize shangazi nani aliitengeneza, mwaka gani, alikuwa mtu wa wapi, alilipwa nini, ilikaa chumba gani, na kwa nini ilihamishwa. Ayaandike hayo kwenye karatasi na kuyahifadhi pamoja na kazi. Apige picha mbele, nyuma na chini. Atafute kazi nyingine ya mkono huohuo, au ya kijiji hichohicho, azitazame pamoja kwenye mwanga wa mchana. Amwite fundi wa kazi ile, mchongaji au msusi au seremala, ampe kiti na chai, kisha amwache aizungushe na aseme. Dalali akija baada ya hapo, naye akaribishwe. Akisema kitu hiki kina thamani, aulizwe kwa sababu gani, na kama jibu lake litakuwa ni kiasi cha fedha tu, aambiwe hajajibu, na aulizwe tena.